Tulikuwa Tunaimba Huku Tunapulizia

Msimu huu sikubeba bomba. Watu waliozoea kuniona nikipita na lile tangi mgongoni wananiuliza, "Bibi Nyabuso, umestaafu?" Nawajibu ndiyo, nimestaafu, ila sikuandikiwa barua wala sikukatiwa keki. Kifua ndicho kilichonistaafisha. Nikipanda kale kamlima ka kisimani nasimama katikati, najifanya naangalia mbuzi wa watu.

Nimesoma mpaka darasa la nne, halafu ng'ombe wa baba wakanihitaji kuliko mwalimu. Kwa hiyo msitafute mapambo hapa. Nawaandikia ninyi mnaobeba bomba sasa kwenye nyanya na matikiti ya ufukweni, kwa Yohana mtoto wa Mzee Mugeta: wewe Sabina, na wenzako wote. Nani alilipwa nini na nani alipanda cheo gani, hayo siandiki. Wenye navyo hawasemi, na sisi hatukuwa navyo. Naandika habari ya dawa ya wadudu na vifua vya watu, na zaidi kifua cha mwenzangu Nyangeta, maana kuna watu wanakisemea uongo na mimi bado niko hai.

Nilianzia kwa Mzee Mugeta mwenyewe, kwenye shamba lake la pamba, upande wa ziwani ukitoka Bunda. Mimi ni mtu wa Nyamuswa, jembe nililijua, bomba sikulijua. Nyapara wetu alikuwa Masatu, Mjita wa kisiwa cha Rukuba, mtu mrefu mwenye mikono ya kuvuta nyavu. Sisi watu wa ng'ombe tulimcheka kwanza. Tulikuwa na mwenzetu Wakuru, mdomo wake haukuwaga na kufuli. Siku hiyo ya kwanza akamuuliza, "Wewe mla furu, kwenu kisiwani mnawapuliziaga samaki dawa?"

Masatu hata hakugeuka. "Samaki hawana maneno mengi kama ninyi, ndiyo maana tunawaacha. Vaa bomba."

Nikavaa. Bomba lililojaa ni kama kubeba mtoto mkubwa aliyekasirika: linakuvuta nyuma, na ukiinama linakumwagia shingoni. Mkono wa kushoto unapampu, wa kulia unashika mti wa kupulizia, miguu inafuata mstari wa pamba. Masatu alitufundisha vizuri, sitamwonea. Kila asubuhi alichomoa nyuzi za pamba, akaziachia hewani, akaangalia zinakwenda wapi. "Asubuhi upepo unatoka nchi kavu unakwenda ziwani," alisema. "Jua likipanda, ziwa linarudisha. Likirudisha, unafunga bomba, hata kama umebakiza mstari mmoja." Ilikuwa sheria nzuri. Shida yake moja tu: Mzee Mugeta hakuwa na habari nayo. Yeye alitaka shamba liishe.

Vya kujikinga vilikuwa khanga na Mungu. Khanga tuliilowesha maji tukajifunga puani, tukaona tumepata ujanja, kumbe kitambaa kibichi kinainywa dawa na kukuwekea karibu na pua mchana kutwa. Nozeli ikiziba, ule mdomo mdogo wa kutolea dawa, tuliifungua tukaipuliza kwa midomo yetu. Unaonja uchungu, unatema, unaendelea. Jioni tulipewa maziwa. Sisi watu wa Mara ukitupa maziwa umemaliza kila kesi. Tuliambiwa yanaosha dawa tumboni, na hakuna aliyeuliza yanafikaje kifuani.

Lakini hayo hata watu wa mikoa mingine wanayo. Kuna kosa moja ambalo nadhani lilikuwa letu wenyewe.

Kwetu mtu halimi kimya. Mkilima pamoja, mmoja anatupa wimbo, wengine wanaudaka, jembe linashuka pamoja. Anayelima kimya ana msiba au ana ugomvi. Basi tulipopewa mabomba, wimbo tukaenda nao hukohuko. Hakuna aliyetutuma. Miguu ilikuwa imeuzoea. Mkono ukawa unapampu kwa wimbo, mstari mzima unatembea kama mtu mmoja. Mzee Mugeta aliupenda sana, anasimamisha baiskeli barabarani awaonyeshe wageni: "Sikieni vibarua wangu, wana furaha." Tukaanza hata kuamini kwamba dawa inamkamata anayewaza, anayeimba haimwoni.

Na aliyekuwa anatupa wimbo ni Nyangeta. Alitokea Butiama, mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, meno ya mbele yameachana. Sauti yake ikitoka, ng'ombe wa shamba la jirani walikuwa wanainua vichwa. Kwenye mstari tulikuwa Bhoke, Perusi, Wakuru, Nyangeta, mimi, Nyamumwi na Getruda. Mtupa wimbo anakaa katikati ili pande zote zimsikie. Na katikati ndiko dawa ya kulia na dawa ya kushoto zinakokutana. Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia, namsikia kabla ya kila ubeti anavuta pumzi ndefu kwa mdomo, hhaa, ndipo anaachia.

Kikohozi kilimwanza polepole. Msimu wa kupulizia anakohoa, wakati wa kuchuma anapona. Mwaka mwingine vilevile. Halafu ikawa hata wakati wa kuchuma hakiondoki, na usiku akilala kifua kinapiga mluzi. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama mkwe wake alisema ni umande. Perusi alisema kuna jicho la mtu, sauti nzuri haikosi adui. Mzee Mugeta alisema ni TB na akaacha kumpa mkono. Wakuru alimwambia, "Nyangeta, umemeza jogoo. Kohoa, atoke tule." Tulicheka, na Nyangeta akacheka mpaka akashika nguzo.

Nikampeleka Musoma hospitali. Akapimwa TB, hakuna. Tukaingizwa kwa daktari mmoja mama wa makamo, miwani imefungwa kamba. Jina lake nalikumbuka lakini hakunipa ruhusa ya kuliandika.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Kibarua."

"Kibarua cha nini?"

"Kupulizia pamba."

"Hebu simama unionyeshe unavyopulizia."

Nyangeta akanitazama, akaona aibu, akasimama. Mkono wa kushoto ukaanza kupampu hewa. Ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma, maana bila wimbo mkono wake haukujua pa kuanzia. Basi akavuta pumzi, hhaa, akaimba. Watu wa foleni wakachungulia mlangoni. Ubeti wa pili ulikatikia njiani, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa mabega yanapanda na kushuka.

Daktari alikuwa ameshavua miwani. "Siku zote mnaimba hivyo?"

"Sasa tusipoimba si tutalala?"

"Na kila ubeti unavuta hewa hivyo, dawa ikiwa inapuliziwa?"

Nyangeta alikuwa bado anatafuta hewa. Nikajibu mimi: "Ndiyo, daktari. Yeye ndiye anayeanza."

"Mama," akasema, "pua ina kachujio kadogo. Mdomo hauna hata hako. Wewe hiyo dawa hukuinusa tu, umeivuta mpaka chini kabisa, miaka. Mirija ya hewa imechubuka, imebana. Nitakupa dawa ya kuvuta ikusaidie. Lakini ukirudi kwenye bomba, mimi na wewe tutakuwa tunadanganyana."

"Nisipobeba bomba nitawalisha nini watoto?"

Daktari akarudisha miwani. "Hilo sina dawa yake," akasema. Nilimheshimu kwa hilo. Wengine wangetuambia tule matunda.

Kwenye basi la kurudi Nyangeta aliniambia, "Nyabuso, usiwaambie. Wakijua kifua kimekwisha, Mugeta ataniondoa." Jioni ileile nikapita nyumba kwa nyumba, kwa Bhoke, kwa Perusi, kwa Wakuru, kwa Nyamumwi, kwa Getruda, nikawaambia wote. Alininunia. Akanune. Kifua kilikuwa chake, lakini dawa ilikuwa yetu sote, na Nyamumwi alikuwa ameshaanza kukohoa.

Tulikubaliana kitu kidogo tu: hatuimbi. Bomba tutabeba, midomo tutafunga. Nyangeta tukamtoa katikati, tukamweka mwisho, upande ambao upepo unatokea. Asubuhi tukaingia shambani kimya. Nawaambia, sijawahi kusikia kazi yenye kelele kama ile. Unasikia pampu ya kila mtu, kwii, kwii, kila moja na wakati wake. Tukapishana hatua, tukakanyagana, Getruda akapulizia sketi yangu.

Jua lilikuwa limepanda Mzee Mugeta alipofika na baiskeli yake. Akasimama. "Kuna msiba?"

"Bado, mzee," Wakuru akajibu. "Ndiyo tunauzuia."

"Mbona hamwimbi? Mnanigomea?"

Nikamweleza nilivyoelezwa Musoma, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nalo nalisema. Kisha akamgeukia Nyangeta. "Kumbe una pumu. Mwenye pumu hafai kazi za shamba. Nenda kwenu Butiama upumzike, mama. Sikufukuzi. Nakuhurumia."

Nyangeta aliinamisha kichwa, akaanza kufungua mikanda ya bomba. Akauvuta mmoja, haufunguki. Ile picha mimi siiwezi mpaka leo. Mwanamke amemalizia pumzi yake kwenye pamba ya mtu, sasa anahurumiwa njia ya kwao.

Nikashusha bomba langu. "Kama ni huruma, mzee, tugawie sote. Tunakwenda naye."

Bomba likianguka kwenye udongo mkavu linatoa sauti nzito, dum. La Bhoke likashuka, la Perusi, la Nyamumwi. Getruda alichelewa kidogo, alikuwa na mtoto mchanga na mume asiyerudi, sikumlaumu, halafu na lake nalo dum. Wakuru akaliweka la kwake taratibu, akalipangusa vumbi. "Lisichubuke," akasema. "Ni mali ya mzee."

"Masatu!" Mzee Mugeta alikuwa amepandisha sauti. "Waambie hawa wabebe!"

Masatu alikuwa na lake la kupoteza. Nyapara akikataa hana hata mstari wa kujifichia. Alichomoa nyuzi za pamba, akaziachia. Zikatuelea usoni, zikapita, zikaenda upande wa Bunda.

"Mzee," akasema, "ziwa limesharudisha. Hata wakibeba, leo nimefunga."

Tukakaa pembezoni mwa shamba lile, leo na kesho na siku zilizofuata, tunasuka vikapu, tunanyonyesha, tunawaangalia funza wa vitumba vya pamba wakinenepa. Mzee Mugeta alitafuta vibarua wengine Bunda, wakaja wachache. Wakuru akawakaribisha kwa heshima zote, akawaelezea kifua cha Nyangeta kwa mluzi wake na kila kitu, wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Siku mzee aliporudi alikuja kwa miguu, baiskeli anaikokota. Nikajua amekonda kuliko funza.

Tulimwambia tunachotaka. Ziwa likirudisha, bomba linafungwa, na mwenye neno la mwisho ni Masatu. Nozeli hazipulizwi kwa mdomo. Zile barakoa za kweli, zenye chujio pembeni, zinunuliwe. Na Nyangeta anabaki shambani, kazi nyingine apewe. Hapo ndipo alipobishia. "Kazi gani? Kupumua?"

Mwishowe akampa kazi ya kuangalia funza. Bwana shamba alikuwa ameshamshauri zamani: kabla hujapulizia, mtu apite, afunue vitumba, aone kama wadudu wamefika kiwango cha kustahili dawa. Haikufanyika, kwa sababu nani ana muda wa kutembea polepole? Mugeta alimpa nadhani ili achoke aondoke mwenyewe. Lakini kutembea polepole ndiko Nyangeta alikobakiwa nako. Alipita mstari kwa mstari, anapumzika, anafunua, anapumzika. Na asubuhi nyingine anarudi anatuambia, "Leo vueni. Funza wa huko ni mmojammoja tu, hawafikii dawa." Tukawa tunapulizia mara chache kuliko zamani. Mzee Mugeta alinung'unika, halafu nikasikia anajisifu kwa wenzake kule kiwanda cha kuchambua pamba kwamba yeye ni mtu wa kilimo cha kisasa. Tulimwachia sifa. Hewa tulibaki nayo sisi.

Nyimbo tulizirudisha kwenye jembe na kwenye kuchuma. Nyangeta hakutupa tena wimbo. Akijaribu, unatoka upepo mtupu na mluzi. Perusi alichukua nafasi yake, sauti ya Perusi mliijua wenyewe.

Miaka ikaenda. Masatu alirudi Rukuba, akafa kwa umri tu, kitandani kwake. Pamba ikapungua, mboga zikashuka ufukweni, Yohana akapokea mashamba kwa baba yake. Na mimi nikaendelea kubeba, maana sijui kazi nyingine, mpaka kifua changu nacho kikaanza habari zake.

Sasa ninyi mna mambo yenu, nimeyaona. Ile barakoa ya kitambaa iliyobaki wakati wa korona ni ya kikohozi cha mtu, siyo ya dawa. Ukisikia harufu ndani ya ile yenye chujio, chujio limekufa, badilisha, usivumilie kama ndoa. Nozeli zibua kwa kijiti cha nyasi. Kopo likiisha, litoboe. Nimeona makopo yenu yanabeba maziwa kwenda Bunda. Maziwa ni chakula, kunywa kwa raha zako, hayafuti kitu. Maandishi ya kwenye kopo yakikushinda, uliza. Mimi nimeulizaga watoto wa shule bila aibu yoyote. Na simu zenu mnazichomeka masikioni mnaimba nazo huku mnapulizia nyanya. Mnadhani sikuwaona?

Mwaka huu, kabla ya mvua kuanza, Nyangeta alifariki kwao Butiama. Tulikwenda tuliobaki, mimi na Wakuru na Getruda, nanyi mkaja kwa gari la Yohana. Mzee Mugeta naye aliletwa, mzee sana sasa, akawekwa kwenye viti vya mbele. Msemaji wa familia akasimama kusoma maisha ya marehemu. Alizaliwa hapa, akaolewa kule, watoto hawa. Kisha akasema, "Marehemu alisumbuliwa muda mrefu na pumu, ugonjwa aliojaliwa na Mungu tangu zamani."

Kwetu mwanamke asiye wa ukoo hamkatizi msemaji mbele ya jeneza. Najua. Nikasimama. Ilichukua muda, maana kuinuka nako ni kazi.

"Mungu hakumjalia Nyangeta pumu," nikasema. "Mungu alimjalia sauti. Kifua chake kililiwa na dawa ya pamba, aliivuta kwa mdomo akiwa katikati ya mstari, akituimbia ili kazi ya watu iende. Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Niko hapa, niulizeni."

Yohana akageuka kwenye kiti. "Bibi Nyabuso, tafadhali. Tumpe marehemu heshima yake."

"Ndiyo ninayompa, mjukuu wangu. Wewe ulitaka nimpe ipi?"

"Mwache amalize," Wakuru akasema kutoka kwenye benchi, mkongojo katikati ya magoti. "Akimaliza na mimi nina la kwangu, na langu ni refu."

Kuna waliocheka kidogo, msibani hivyohivyo. Mzee Mugeta alikuwa ameshika kofia yake, anaigeuza kama kitu alichoazimwa. Msemaji akamtazama katekista, katekista akatazama chini. Kisha msemaji akakohoa. "Basi. Marehemu aliugua kifua kwa sababu ya kazi."

"Kazi gani?" Wakuru.

"Kazi ya kupulizia dawa."

Nikakaa. Tukamzika.

Yaliyofuata unayajua, Sabina, ni wewe uliyeyafanya. Haikupita wiki, ziwa likarudisha mkiwa katikati ya nyanya, ukashusha bomba kwenye tuta, na wenzako nyuma yako wakashusha. Usichojua ni simu. Yohana alinipigia mchana huohuo, nikaipokea nikiwa naanika mihogo.

"Bibi, umewaambia nini hawa wafanyakazi wangu? Wamekaa tu pembeni. Nyanya zinaliwa!"

"Nimewaambia kilichomuua Nyangeta," nikamjibu. "Ulikuwepo."